Ukuta ulibaki umesimama: tunavyokosea tukiongelea mabwawa ya umeme

Bwawa la umeme likitajwa tu hakosi mtu wa kusema "siku huo ukuta ukipasuka tumekwisha", na hapohapo maongezi yote yanahamia kwenye zege, saruji gani, mchanganyiko gani, nondo ngapi. Tuanze na hizo nondo: mabwawa mazito yale yanayosimama kwa uzito wake, karibu mwili wote ni zege tupu, nondo unazikuta sehemu chachechache kama kwenye milango na njia za maji. Ila hilo dogo. Kubwa ni kwamba ukizifuatilia ajali mbaya za mabwawa ya zege, mara nyingi zege halina kesi kabisa, mwenye kesi ni mlima wa pembeni au mwamba wa chini, na maji yaliyojipenyeza humo kimyakimya.

Chukua Vajont, Italia. Ukuta wa mita 262, mwembamba, umepinda kama upinde, kazi safi kabisa ya uinjinia. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 ubavu wa mlima Toc ukang'oka, kama mita za ujazo milioni 270 za mwamba na udongo zikaingia ziwani ndani ya muda usiofika dakika moja, maji yakaruka juu ya ukuta kwa zaidi ya mita 100 yakashukia mji wa Longarone na vijiji vya jirani, wakafa karibu watu 2,000. Na ukuta? Ulikwaruzika juu kidogo tu, mpaka leo upo palepale umesimama. Kwahiyo mtu akikwambia "ukuta imara, watu salama" mpe hiyo.

Na msidhani hawakuujua huo mlima. Edoardo Semenza, mwanajiolojia ambaye baba yake ndo alisanifu bwawa lenyewe, tayari mwaka 1959 alishaona dalili kwamba ubavu ule ni poromoko la zamani. Mwaka 1960 kipande kikaanguka ziwani na ufa mrefu ukajichora mlimani. Wakatengeneza modeli ya bwawa, ndogo mara 200 kuliko bwawa lenyewe, wakaporomosha kokoto ndani yake wapime wimbi, jibu likatoka kwamba maji yakikaa mita 700 juu ya usawa wa bahari hamna shida. Usiku wa ajali maji yalikuwa hapohapo kwenye 700! Tatizo ni kwamba kokoto zinamiminika taratibu, halafu kila moja kivyake, wakati mlima wenyewe ulikuja kama bonge moja na kwa kasi ambayo hakuna aliyeiweka kwenye hesabu. Mimi hapa huwa nasimama kidogo kila nikisoma, maana utafiti ulifanyika, vipimo vilikuwepo, mlima ulikuwa unasogea mpaka kama sentimita 20 kwa siku zile siku za mwisho, na bado modeli ikaaminiwa kuliko mlima.

Malpasset ya Ufaransa nayo ni ndugu yake, ila kule ukuta ulienda kweli. Tarehe 2 Desemba 1959, bwawa ndo linajaa kwa mara ya kwanza, maji yakapenya kwenye mwamba wa upande wa kushoto, yakabanwa humo hayana pa kutokea, presha ikapanda mpaka bonge la mwamba lililokuwa limekaa juu ya ufa wa ardhini likasogezwa. Bwawa la upinde linaegemea kingo za bonde, ukingo ukikimbia hamna upinde tena. Walikufa watu 423. Zege lilipopimwa baadaye halikuwa na neno.

Kuna hii nyingine nayo, "ziwa refu la kilomita 200 linasukuma ukuta kuliko ziwa dogo". Hapana, presha ya maji yaliyotulia inafuata kina, haijali maji yanaenda mpaka wapi nyuma huko. Maji ya kina cha mita 100 yanasukuma karibu tani 5,000 kwa kila mita moja ya upana wa ukuta, hata kama ziwa lina urefu wa uwanja wa mpira. Ukubwa wa ziwa unakuja kuuma kwa walioko chini, siku yanapotoka.

Halafu kuvuja. Watu wakiona maji yanatiririka ndani ya ukuta wa bwawa wanapiga kelele, wakati kila bwawa linavuja, ndani kumetengenezwa korido na matundu ya kutolea hayo maji kwa makusudi. Maji yakibaki chini ya ukuta yanaubeba juu, uzito wake unapungua, na ndo kitu kilichosumbua bwawa la Bouzey, Ufaransa pia, mwaka 1895, wakafa watu zaidi ya 80. Kinachotisha ni mabadiliko: maji yaliyokuwa meupe yamekuwa na tope, au yameongezeka ghafla wakati ziwa halijapanda. Hata yakipungua bila sababu usishangilie, inawezekana matundu yameziba kwa chokaa na presha inajikusanya chini.

Tetemeko sasa. "Ziwa linatengeneza matetemeko" ni nusu kweli. Koyna kule India, bwawa la mita 103, lilianza kujazwa miaka ya mwanzo ya 60, na tarehe 11 Desemba 1967 tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 6 likapiga, likaua karibu watu 180. Nguvu ya tetemeko ilikuwa imejilimbikiza ardhini tangu zamani, maji yalichofanya ni kupenya kwenye ufa na kuulegeza, na uzito wa ziwa ukachangia kidogo. Maziwa mengi yanajazwa na hamna kinachotikisika. Ukuta wa Koyna ulipata nyufa, haukuanguka, wakaja kuuongezea unene.

Ya Hoover, bwawa la Marekani ambalo watu husema limezika wafanyakazi ndani yake, nitapita harakaharaka: hakuna mfanyakazi aliyezikwa ndani ya zege, lilikuwa linamwagwa kwa vitalu na kila ndoo inapandisha sentimita chache tu, mtu anazamaje hapo? Na zege halikauki kama nguo, linashika kwa saruji kuungana na maji, na linatoa joto kweli, ndo maana walipitisha mabomba ya maji baridi zaidi ya kilomita 900 ndani yake, la sivyo lingechukua zaidi ya miaka 100 kupoa.

Sisemi zege haliugui. Kuna kokoto zinazogombana na alkali, kemikali iliyomo kwenye saruji, zege linavimba polepole mpaka milango inabana, na Kariba kwenye mto Zambezi inalo hilo. Ila ukiangalia Kariba hiyohiyo, kilichowakosesha wainjinia usingizi zaidi ni shimo chini ya ukuta, maji ya milango yameanguka miaka na miaka yakachimba mwamba mpaka kama mita 80 chini ya usawa wa zamani wa mto, shimo likawa linarudi nyuma kuufuata msingi. Ikabidi walikaushe na kulichonga upya liwe na umbo ambalo maji hayawezi kuendelea kulila kurudi ukutani.