Pasha joto mtu, nyumba iache: hita za infraredi kwa baridi ya Kabale

Nikiwa Kampala na kumwambia mtu kwamba nafunga hita za nyumbani, jibu huwa moja: Uganda na hita wapi na wapi? Sisi wa Kabale, majirani zetu wa Kisoro chini ya mlima Muhabura, na watu wa Kapchorwa kule Mlima Elgon tunajua jibu. Tunalala kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ikweta iko karibu, lakini jua likishazama halijoto huteremka mpaka nyuzi 10 hivi, na Juni na Julai, anga ikiwa safi, hushuka chini ya hapo. Asubuhi ukungu umejaa bondeni. Nyumba nyingi ni za matofali, sakafu ya sementi, mabati bila dari, na juu ya kila dirisha kuna matundu ya hewa yaliyo wazi usiku na mchana.

Ndiyo maana watu huingiza sigiri, yaani jiko la makaa, ndani, na hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Makaa yanayodanganya ni yale yaliyokwisha kushika vizuri. Moshi umeisha, chumba kimepata joto, mtu anafunga mlango, anaziba matundu kwa magazeti, analala. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, miguu inalegea, na anayetaka kuinuka afungue mlango anakuta hana nguvu. Habari za familia zilizokutwa asubuhi zimelala moja kwa moja si ngeni kwetu. Nawaomba, ndugu zangu: sigiri isilale chumba kimoja na watu, hata kwa nusu saa, hata makaa yakionekana yamezimika.

Wanaoiogopa sigiri hukimbilia hita ya feni ya wati 2,000. Haiui kwa gesi, lakini inamaliza Yaka, ule umeme wetu wa kulipia kabla. Bei ya uniti ya nyumbani hubadilika, kwa hiyo hapa nitatumia shilingi 800 ili hesabu iwe nyepesi. Hita hiyo ikiwaka kwa muda wa saa nne, jioni nzima, imekula uniti 8, yaani shilingi 6,400. Mwezi mzima ni shilingi 192,000. Na joto lenyewe linakwenda wapi? Hewa ya moto hupanda. Sebule ya mita nne kwa nne ina mita 16 za mraba za bati tupu juu yake; ndani kukiwa na nyuzi 18 na nje nyuzi 10, bati hilo peke yake linapitisha nje karibu wati 900. Matundu ya hewa nayo yana fungu lao. Unapasha joto anga la Kigezi, eneo letu hili.

Mtu akiniuliza aanze na nini, na ana pesa, namwambia aanze na dari. Hata dari ya mbao nyepesi au ya mikeka iliyobanwa vizuri italipa kuliko hita yoyote ninayouza. Lakini wengi ni wapangaji, na mwenye nyumba hana haraka. Kwa mpangaji, na kwa mzee anayekaa kiti kimoja jioni yote, iko njia nyingine: acha nyumba na baridi yake, mpe joto mtu aliyemo.

Kila mmoja wetu amewahi kukaa nje asubuhi akiota jua huku hewa ikiwa bado baridi kiasi cha pumzi kuonekana. Mgongo unapata moto, wakati kipimajoto kivulini kinasema nyuzi 12. Jua halikupasha hewa kwanza ndipo hewa ikupashe wewe. Mionzi yake imekufikia moja kwa moja. Sehemu ya mionzi hiyo haionekani kwa macho. William Herschel aliigundua mwaka 1800 nchini Uingereza, alipopitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu na kuweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kipimajoto kikapanda. Hiyo ndiyo mionzi ya infraredi.

Kila kitu huitoa, na mwili wako pia. Mtu aliyekaa kimya hutoa joto la kama wati 100, na sehemu kubwa huondoka kama mionzi kuelekea kuta, sakafu na bati. Nina kipimajoto cha kulenga, kile cha umbo la bastola, na nikiingia nyumba ya mtu jioni jambo la kwanza ni kulenga pande zote. Mara nyingi hewa ya sebuleni ni nyuzi 15, ukuta 14, sakafu 13, na bati liko 9, kwa sababu usiku wa anga safi bati hutoa joto lake kwenda juu na kuwa baridi hata kuliko hewa ya nje. Palipotulia pasipo upepo, unachohisi mwilini ni takriban wastani wa hewa na vitu vinavyokuzunguka. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga madirisha yote na bado akahisi ubaridi unamshukia kichwani. Bati linamnyonya joto.

Paneli ya infraredi inageuza biashara hiyo. Ni bapa la sentimeta 60 kwa 60, lenye waya wa kupasha ndani, na uso wake hufika nyuzi 90 hivi bila kuwaka nyekundu. Nguvu ya mionzi hukua kwa kasi sana kila joto la uso linapopanda, kwa hiyo paneli ya ukubwa huo, kwenye chumba cha nyuzi 15, hutoa mbele yake karibu wati 190 za mionzi. Umeme uliobaki hupasha hewa inayoigusa. Mionzi hiyo ni ya mawimbi marefu, na ngozi na nguo huipokea vilevile, shati liwe jeupe au jeusi. Kioo cha dirisha kinaizuia. Karatasi ya alumini inairudisha, ndiyo maana naiweka nyuma ya paneli inayofungwa kwenye ukuta wa nje.

Sasa umbali, ambao wauzaji hawausemi. Ukikaa mita moja mbele ya paneli hiyo, unapata karibu wati 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili unaoitazama. Upande huo utahisi kama vitu vilivyoko mbele yako vimepanda nyuzi 11. Rudi mita mbili, zinabaki wati 15 tu, na unahisi tofauti ya nyuzi 3. Mita tatu ni kama haipo. Mtu akinipigia kulalamika kwamba paneli aliyonunua haifanyi kazi, namuuliza ameifunga wapi. Karibu kila mara iko upande wa pili wa sebule, juu kabisa karibu na mabati, mahali pa televisheni.

Juu kabisa ni pabaya kwa sababu nyingine pia. Viwango vya kimataifa vya starehe ya joto ndani ya nyumba vinaweka mipaka: tofauti ya joto la mionzi kati ya juu na chini, ikitoka kwenye dari yenye moto, isizidi nyuzi 5, lakini ikitoka kwenye ukuta wa pembeni inaweza kufika nyuzi 23 kabla watu wengi hawajalalamika. Kichwa hakipendi kuchomwa. Miguu, mapaja na mikono hupenda. Kwa hiyo nafunga ukutani, kimo cha kifua cha mtu aliyeketi, au chini ya meza.

Chini ya meza ndipo ninapopapenda zaidi, na si wazo geni: Wajapani wana meza yao ya kotatsu, zamani ilikuwa na makaa chini, leo ina hita ya umeme na blanketi limetandwa pembeni. Hapa mjini nilimfungia mama mmoja mshonaji anayefanya kazi za sare za shule mpaka usiku. Tatizo lake lilikuwa vidole. Alikuwa akisimamisha cherehani kila baada ya muda apulizie mikono, na kushika sindano ilikuwa shida. Nilipomlenga na kipimajoto, paji la uso lilikuwa nyuzi 33, ncha za vidole nyuzi 21. Nilifunga paneli ndogo ya wati 120 chini ya meza, imeinama kuelekea magoti na mapaja yake, sentimeta 40 hivi, na nyingine ya wati 150 ukutani kushoto, ikitazama mikono inapopita kwenye kitambaa. Kila moja na swichi yake, karibu na mkono. Baada ya nusu saa vidole vilikuwa nyuzi 28. Nikamuuliza, "Mama, hapo vipi?" Akasema, "Mwanangu, sasa vinanitii," na hakuacha kushona.

Hewa ya chumba chake haikubadilika kwa kiasi cha maana. Wati 270 kwa saa nne ni uniti 1.08, chini ya shilingi 900. Hita ya feni ingemla mara saba, na bado vidole vingeganda.

Ziko swichi mbili kwa sababu mwili wa kila mtu una hesabu yake. Mdenmaki P. O. Fanger, ambaye utafiti wake wa miaka ya 1960 na 1970 ndio msingi wa viwango vingi vya joto la majengo, alionyesha kwamba hata chumba kikiwekwa kwenye halijoto bora kabisa kwa kundi la watu, angalau asilimia 5 hawataridhika. Yeye alikuwa na vyumba vya maabara. Kwenye sebule ya Kabale babu ametulia kwenye kiti na misuli yake imepungua, kijana ametoka kucheza mpira anatoka jasho, mama anaingia na kutoka jikoni. Hakuna nyuzi moja itakayowatosha wote. Babu apewe paneli yake, kijana aachwe na fulana yake.

Kuna maneno ya madukani lazima niyakanushe. Wanasema paneli ya infraredi inatoa joto maradufu kuliko hita ya kawaida kwa umeme uleule. Haiwezekani. Wati 300 ni wati 300, katika hita yoyote ya waya. Unachookoa ni kile ulichoacha kupasha: hewa, bati, kona ambazo hakuna aliyekaa. Ukinunua paneli ya wati 1,000 ukitaka ipashe sebule nzima yenye bati tupu, umerudi palepale pa hita ya feni. Wengine wanasema inatibu viungo na shinikizo la damu. Mimi nauza joto, dawa ziko hospitali.

Kitandani sipendekezi paneli. Blanketi la kutandika la umeme hula kama wati 60, na limegusana na mwili. Rahisi zaidi ni chupa ya mpira ya maji ya moto. Lita moja na nusu, kutoka nyuzi 20 hadi 80, ni kama sehemu moja ya kumi ya uniti, shilingi 80 hivi, na umeme ukikatika joto linabaki. Izungushie kitambaa. Wenye sola ndogo nao wafuate njia hii: betri ya risasi ya ampea-saa 100 ya volti 12 ina umeme wa kutumika kama nusu uniti tu, na paneli ya infraredi ya wati 200 itaimaliza kabla ya usiku wa manane.

Kwa mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni, weka paneli mita moja au zaidi, na mtu mwingine aishike ile miguu mara kwa mara, kwa sababu mwenyewe hatajua inapoungua. Anayeota joto lolote kwa karibu sana, miezi kwa miezi, ngozi yake hutokea madoa ya wavuwavu ya rangi ya kahawia. Wanaokaa na sigiri kati ya miguu wanayajua. Ukiyaona, sogea nyuma. Mtoto mchanga usimwelekezee kabisa. Na uso wa nyuzi 90 unaunguza mkono wa mtoto anayetambaa, kwa hiyo ya chini ya meza iwe na wavu.

Upande wa umeme, wati 300 ni kama ampea 1.25, soketi yoyote nzima inazibeba. Wati 2,000 zinavuta zaidi ya ampea 8, na zile ekstensheni nyembamba za barabarani nimezikuta zimeyeyukia kwenye zulia. Jambo jingine la huku kwetu: jioni kila mtu akiwasha, volti hushuka. Paneli ya wati 300 kwa volti 240, zikishuka hadi 200, inabaki na wati 208 tu. Kama mtaa wako una tabia hiyo, nunua yenye nguvu kidogo zaidi ya hesabu, iwe na thamostati, kifaa cha kuizima joto likitosha.

Ukiwa dukani angalia waya wa ethi upo, plagi ni ya pini tatu, na wati zimeandikwa kwenye paneli yenyewe, si kwenye boksi peke yake. Omba iwashwe, subiri dakika kumi, simama hatua moja mbele yake, kisha hatua mbili. Unaponunua, umepima pia umbali wa kiti chako.