Je, wajua kwa nini kichocheo chenye "uchafu" huweza kuchagua vizuri kuliko kilicho safi? Kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuisha, na kuchagua ni kubadilisha sehemu inayotakiwa tu ya molekuli.

Jioni moja nilikuwa barazani Ngamiani, Tanga, na mpwa wangu, kila mtu na kikombe chake cha chai ya mdalasini. Yuko kidato cha sita, na daftari lake la kemia lilikuwa wazi pale panapoelezwa namna mafuta ya maji yanavyogeuzwa kuwa majarini.

"Mjomba, hapa wameandika kichocheo, metali ya nikeli, lazima iwe safi, salfa ikiigusa tu imeharibika. Mbona mwalimu katuambia wapo wanaozipaka metali salfa kwa makusudi?"

Nikamwambia anuse chai yake kwanza, tutarudi hapo.

Tuanze na mafuta. Mafuta ya alizeti ni minyororo mirefu ya kaboni yenye vipinda, na vipinda hivyo viko pale ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa kifungo maradufu. Minyororo iliyopinda haipangiki, kama kuni za matawi yaliyojikunja, ndiyo maana mafuta hubaki maji. Ukiiongezea haidrojeni pale kwenye vifungo, minyororo inanyooka, inalaliana, mafuta yanaganda. Mafuta ya nazi mengi yake yamenyooka tangu kwenye mnazi. Chupa inayomiminika vizuri hapa mjini, ipandishe Lushoto ulale nayo, asubuhi utayachokonoa kwa kijiti.

Shida ni haidrojeni yenyewe. Atomu zake hutembea mbilimbili zimekumbatiana, na ukiiacha peke yake na mafuta hakuna litakalotokea. Inahitaji metali ya kuzitenganisha. Mwishoni mwa miaka ya 1890, Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens, huko Toulouse, Ufaransa, waligundua kuwa nikeli iliyosagika inaiweza kazi hiyo, na mwaka 1912 Sabatier akapewa Tuzo ya Nobel. Katikati hapo Mjerumani Wilhelm Normann alikwisha kupata hataza ya kugandisha mafuta, mwaka 1902. Ndio mwaka uleule ambao Wajerumani wenzake walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea kule Amani, juu ya Muheza. Sijui kwa nini jambo hilo hunifurahisha, lakini hunifurahisha.

Sabatier aliona pia kitu ambacho mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa mara mbili. Ili kichocheo kifanye kazi, molekuli ishike usoni pa metali, lakini isishike mno. Ikishika kidogo sana, inapita bila kubadilishwa. Ikishika sana, haiondoki, na nafasi imekwisha. Waja leo, waondoka leo. Salfa ni mgeni aliyekuja na kitanda chake: ikijishika kwenye nikeli haitoki, na ndiyo maana viwandani mafuta husafishwa salfa kabla hayajafika kwenye kichocheo. Hapo daftari la mpwa wangu liko sawasawa.

Sasa kuhusu udogo. Gome zima la mdalasini ukilitia kwenye birika, chai inachukua muda kukolea. Ukilisaga, inakolea mara moja, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya gome inagusana na maji. Metali ni hivyohivyo, na kwa jinsi paladiamu na platinamu, metali nyingine zinazofanya kazi hii, zilivyo ghali, hakuna anayetaka atomu zikae bure tumboni mwa punje. Basi hutengenezwa punje za nanomita chache tu. Unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Punje ya nanomita 2 hivi ina karibu nusu ya atomu zake zote nje, usoni.

Lakini punje ndogo namna hiyo hazitulii. Zikikutana zinagandana kuwa bonge, na faida yote imepotea. Kwa hiyo wakati wa kuzitengeneza, wanakemia huzivika molekuli nyingine, ambazo huitwa ligandi: kichwa kimeng'ang'ania metali, mkia umeelea nje, kama manyoya. Kwa miaka mingi watu walizihesabu ligandi hizi kuwa kero, kitu cha kuoshwa au kuchomwa kabla ya kazi kuanza. Nadhani tulikuwa na haraka mno ya kuziita uchafu.

Ukitaka kujua zinafanya nini, nenda Sahare wavuvi wanaporudi. Ufuko ukiwa mtupu, ngalawa inaingia inavyotaka, inalala ubavu mzima mchangani, na wachukuzi wanapakua popote, omo hadi tezi. Ufuko ukijaa vyombo, ngalawa inayochelewa haina nafasi ya kulala. Inapenyeza omo tu katikati ya vyombo viwili, na kitakachopakuliwa ni kile kilichopakiwa mbele.

Molekuli ni hivyohivyo. Kwenye metali safi inalala chali, na kila kifungo chake kinaguswa na haidrojeni. Kwenye metali iliyosongwa na ligandi inaingia kwa ncha, na ncha ndiyo inayobadilishwa. Haidrojeni yenyewe ni ndogo kiasi kwamba inajipenyeza katikati ya manyoya yale.

Na hapo ndipo chai inapoingia. Harufu ya mdalasini, pamoja na huu unaotoka Muheza, inatokana zaidi na molekuli iitwayo sinamaldehaidi. Upande mmoja ina duara la kaboni sita, katikati kifungo maradufu cha kaboni na kaboni, na mwishoni kabisa kifungo cha kaboni na oksijeni. Watengeneza manukato wanataka haidrojeni iingie hapo mwishoni tu, ipatikane alkoholi ya sinamili. Kwenye platinamu tupu molekuli inalala, na kifungo cha katikati, ambacho ni chepesi kuvunjwa, kinapata haidrojeni kabla ya kile kinachotakiwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walieleza mwaka 2014 namna walivyoitega. Waliivika platinamu ligandi zenye kichwa cha salfa (ndiyo, salfa ileile) na mkiani wakaweka duara la kaboni sita kama la mdalasini. Maduara hupenda kulaliana kama sahani kabatini. Sinamaldehaidi ikija, duara lake linaegemea maduara ya ligandi, nayo inabaki imesimama, oksijeni chini, inagusa metali kwa ncha. Walipoupata urefu wa mkia unaofaa, zaidi ya asilimia 90 ya kilichotoka kilikuwa alkoholi waliyoitaka. Mkia usipolingana, mtego hautegi. Miaka minne kabla, chuo hichohicho kiliivika paladiamu ligandi za salfa kwa kazi nyingine ya haidrojeni, na zao lililotakiwa likapanda kutoka asilimia 11 hadi 94.

Wazo la kuilegeza metali kwa makusudi si la jana, maana mkemia Herbert Lindlar alilitumia mwaka 1952. Aliweka paladiamu juu ya kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichojenga kuta za mapango ya Amboni, kisha akaitia "sumu" ya metali ya risasi na kemikali iitwayo kwinolini. Paladiamu safi ikipewa kifungo cha mara tatu hukimaliza chote. Ya Lindlar huishia kwenye kifungo maradufu, na kwa kusita huko ikafaa sana katika kutengeneza vitamini A.

Ligandi hufanya na mengine. Kuna zinazoisogezea metali elektroni na kuna zinazoivuta, na hilo hubadilisha nguvu ya mshiko. Ila zina gharama: uso uliosongwa hufanya kazi polepole, na ukiusonga kupita kiasi unasimama kabisa. Joto likizidi, ligandi zinabanduka au kuungua.

Mpwa wangu alikuwa ameshamaliza chai, anachora ngalawa pembeni mwa daftari.

"Kwa hiyo, mjomba, kwenye mtihani wakiuliza majarini, niandike nikeli yenye salfa?"

"Andika nikeli safi, baba. Na ngalawa uifute."