Mfupa Unapokosa Damu: Maswali ya Wenye Selimundu

Nina selimundu, na kinena cha kulia kinauma hata nikiwa nimelala. Nimeambiwa huenda mfupa umekufa. Mfupa nao hufa?

Hufa, kwa sababu uko hai. Ndani ya ule ugumu zimo seli, kila moja katika kijishimo chake, na zote hulishwa na damu. Kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachoingia kwenye tundu la nyonga, kinategemea mishipa michache myembamba inayopanda kupitia shingo ya mfupa. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa mwenye selimundu hupinda na kukakamaa, zikinasa humo, hakuna njia nyingine ya kutosha kupeleka damu.

Ni selimundu tu inayoleta hali hii?

Hapana. Shingo ya paja ikivunjika, nyonga ikiteguka, pombe nyingi, au dawa ya steroidi kama prednisoloni kwa dozi kubwa ya muda mrefu, vyote vinaweza kuileta.

Seli zinakufa baada ya muda gani?

Uboho unaotengeneza damu hutangulia, ndani ya saa 6 hadi 12. Seli za mfupa wenyewe hufuata kati ya saa 12 na 48. Seli za mafuta hujikongoja siku 2 hadi 5. Kwenye hadubini, kiini cha seli husinyaa na kukolea rangi, kisha hutoweka, na baada ya wiki kadhaa kijishimo hubaki kitupu.

Basi mfupa huvunjika palepale?

Hapa ndipo wengi hukosea. Mfupa uliokufa bado una madini yake, hivyo huendelea kubeba uzito. Balaa huja mwili unapoanza kukarabati. Mishipa mipya hupenya kutoka upande ulio hai, seli zinazomeng'enya mfupa wa zamani huingia kwa kasi, na zile zinazojenga hushindwa kwenda nazo sambamba. Mfupa ulio chini ya gegedu, ule utando laini unaofunika kichwa cha mfupa, hudhoofika, hupata ufa, na kichwa hubonyea. Inaweza kuchukua miezi, hata miaka.

Lakini eksirei yangu ilitoka safi.

Mwanzoni hutoka safi, maana eksirei huonyesha madini, nayo bado yapo. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huona mapema zaidi. Ni ghali, najua, na si kila hospitali ya wilaya inayo, lakini kama unachechemea, mguu haugeuki vizuri kwa ndani, au maumivu yanajitokeza gotini huku goti lenyewe halina kasoro, omba rufaa kwa daktari wa mifupa. Usikubali kurudishwa nyumbani na panadoli kila mara.

Kuna tiba?

Kabla kichwa hakijabonyea, hutumika magongo ya kupunguza uzito unaobebwa na nyonga na dawa za maumivu, na wengine hutobolewa mfupa ili kushusha shinikizo la ndani. Kikishabonyea na maumivu yakazidi, mara nyingi hubaki nyonga ya bandia. Kukandwa hakuzibui mshipa. Dawa ya haidroksiurea hupunguza vipindi vya maumivu ya selimundu, ila haiurudishi mfupa uliokwisha kubonyea. Kama umeandikiwa, endelea nayo huku nyonga ikishughulikiwa.