Kuondoa mashine si kumuua aliyeungua na mionzi

Hapa Lubumbashi, mji wa migodi, wengi huamini kwamba aliyepigwa na mionzi mikali akiachishwa mashine ya kupumulia, waganga wamemuua. Imani hiyo inatokana na huruma.

Ila mionzi huharibu mwili kwa namna yake. Kati ya grei 2 na 6 (grei ni kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini), uboho, unaotengeneza damu, ndio huzimika. Antibiotiki, damu na dawa za kuuamsha huokoa wengi. Kupita grei 10, utando wa utumbo haujijengi tena: maji na damu huvuja, vijidudu huingia. Mashine husukuma hewa, haiumbi seli. Huko Tokaimura, Japani, baada ya ajali ya 1999, mfanyakazi mmoja alidumu siku 83, ngozi ikimtoka bila kuota nyingine.

Ili kujua mionzi ilikuwa mikali kiasi gani, familia iulize: alitapika baada ya dakika ngapi? (Kutapika peke yake hakutoshi.) Limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, zimeshuka kiasi gani ndani ya saa 48? Mashine hii inasubiri kiungo gani kipone? Kama hakuna, kuiondoa ni kuuacha ugonjwa ufuate njia yake. Morfini na kusafisha vidonda vinaendelea.

Na siku za kwanza mgonjwa huwa bado anaongea vizuri. Aulizwe yeye mwenyewe, mapema, kabla bomba la kupumulia halijaingia kooni.