"Ongeza paipu, fundi!"

Juzi tena. Nimeweka mtandaoni picha ya pampu ya mkono ya kale ninayoikarabati, ya kijiji kimoja huku Uingereza, ya chuma cha kusubu, mpini umepinda kama mkia wa ng'ombe. Nikaeleza kwamba kisima kina maji, ila yameshuka hadi mita 12. Hazikupita dakika tano: "Ongeza paipu, fundi!"

Paipu ifike hata kuzimu, maji hayatapanda. Pistoni ya pampu hii iko juu, ndani ya kiwiliwili hicho mnachokiona barabarani, na haivuti maji. Inatoa hewa ndani ya paipu, basi. Kinachoyapandisha maji ni uzito wa hewa ya nje unaoyakandamiza kule kisimani, na uzito huo una kikomo: kwenye usawa wa bahari unainua maji mita 10 na ushee. Mwanasayansi Mwitaliano Torricelli alilionyesha hili kwa zebaki miaka ya 1640. Zebaki ilisimama kwenye sentimita 76, nayo ni nzito kuliko maji mara 13.6, piga hesabu mwenyewe. Hapo nazungumzia pampu isiyovuja hata kidogo, ambayo sijawahi kukutana nayo. Washa ya ngozi, ile pete inayoziba pembeni mwa pistoni, ikichakaa, ukipata mita 7 shukuru. Kaifunge Mbeya, kule juu hewa ni nyepesi, utapata pungufu zaidi.

"Mbona pampu ya mkono ya Afridev ya kwetu inatoa maji mita 45?" Kwa sababu silinda yake, yaani bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, imezama majini, na pistoni inayabeba maji mgongoni mpaka juu. Hata huku, visima virefu vya zamani vilishushiwa silinda chini, juu ukabaki mpini na mapambo. Kwa hiyo kabla hujanifundisha kazi, uliza silinda iko wapi.

Mengine haraka. Kwangua rangi ya zamani kabla ya kupaka mpya, la sivyo herufi za kiwandani zinazikwa. Ufa ulioletwa na maji kuganda usiuchomelee chuma kikiwa baridi; kitapasuka pembeni ya kiungo.

Sasa linaloninyima usingizi. Naweza kushusha silinda mpya mita 14, fito ipite ndani ya mwili ule ule, na maji yatoke. Lakini hapo nitakuwa nimeikarabati pampu ya kale, au nimeivalisha pampu mpya koti la marehemu? Washa bado naweka za ngozi, na ukinibana nikupe sababu ya kiufundi, sina.

Wanakijiji wanataka maji yatoke siku ya sherehe yao. Mwenye wazo alete, ila la paipu abaki nalo.