Kuondoa kaboni hewani: teknolojia inaweza kweli?

Jibu fupi ni ndiyo, inawezekana, na wala sio kitu cha juzi. Nyambizi inakaa chini ya maji wiki na wiki na watu wanapumua humo ndani kwa sababu kuna mitambo inachuja kaboni dioksaidi, hewa ukaa, kutoka kwenye hewa yao. Vyombo vya anga vivyo hivyo, mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 13 wasingerudi wazima kama wasingefanikiwa kuunganisha yale makopo ya hidroksaidi ya lithiamu yawanyonyee hiyo gesi. Kwa hiyo kemia yake inajulikana, hilo halina ubishi. Kinachosumbua ni kuifanya kwa angahewa ya dunia nzima, na hapo ndo inabidi tuongee taratibu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili maana watu wengi wanavichanganya na kuna makampuni yanafaidika sana na huo mkanganyiko. Kuna kunasa gesi kiwandani au kwenye kisima kabla haijatoka nje. Norway wanafanya hivyo tangu 1996 pale Sleipner, Bahari ya Kaskazini, wanatenganisha kaboni dioksaidi iliyochanganyika na gesi asilia afu wanaishindilia chini ya sakafu ya bahari, imefika mpaka tani milioni moja hivi kwa mwaka. Ni kazi nzuri, ila inazuia tu gesi mpya isiongezeke, ile iliyoko angani tayari haijaguswa hata kidogo. Kuondoa maana yake unachukua ile ambayo ishatoka, hata kama ilitokana na makaa ya mawe yaliyochomwa kabla hujazaliwa, unaitoa hewani na kuiweka mahali ambapo haitarudi kwa mamia au maelfu ya miaka. Masharti ni hayo mawili na yote lazima yatimie, imetoka hewani na hairudi, likikosekana moja hapo hakuna kilichoondolewa.

Sasa njia ambayo watu wengi wanaifikiria wakisikia teknolojia ni ile ya kunasa moja kwa moja kutoka hewani, wazo ambalo mwanasayansi Klaus Lackner alilipigia debe tangu 1999. Mafeni makubwa yanavuta hewa inapita kwenye filta zenye kemikali inayoshikana na kaboni dioksaidi, filta zikijaa unazifunga na kuzipasha joto, kama nyuzi 100 hivi, gesi inaachia, unaikusanya ikiwa safi kabisa, afu filta zinaanza upya. Kuna aina nyingine inatumia kimiminika badala ya filta na hiyo inahitaji joto kali zaidi, karibu nyuzi 900. Kwenye karatasi inaonekana rahisi kabisa. Ugumu ni kwamba hiyo gesi ni chache mno hewani, katika kila molekuli 10,000 za hewa za kaboni dioksaidi ni 4 tu na kidogo, wakati kwenye moshi wa mtambo wa makaa ya mawe zinapita 1,000. Ni sawa na chumvi uliyoimwaga kwenye pipa la maji, kuikoroga ni sekunde tu lakini jaribu kuitoa. Ili upate tani moja ya kaboni dioksaidi lazima upitishe hewa zaidi ya mita za ujazo milioni 1.3, na hapo tumejifanya kwamba filta haikosi hata chembe moja, ambavyo sivyo.

Ukishaipata unaipeleka wapi? Wapo wanaoiuza kwa watengenezaji wa soda, ambapo inarudi hewani siku chupa inafunguliwa. Wapo wanaoisukuma kwenye visima vya mafuta ili mafuta yaliyobaki yatoke, na mafuta hayo yanaenda kuchomwa, mimi hiyo siwezi kuiita kuondoa kwa moyo mweupe. Iceland ndo wamenivutia zaidi. Pale Hellisheidi kuna mtambo wa umeme wa jotoardhi, na watu wa mradi wa Carbfix wanachanganya gesi na maji wanaipeleka chini kwenye miamba ya basalti, miamba ya volkano yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, humo inageuka kuwa jiwe. Utafiti wao uliotoka 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya gesi waliyoingiza kwenye jaribio lile ilikuwa imeshakuwa jiwe ndani ya miaka miwili, wakati wengi walikuwa wanategemea kusubiri mamia ya miaka. Jiwe halivuji. Ukitaka kujua hairudi maana yake nini, ni hiyo.

Hapohapo Iceland kampuni ya Climeworks ilifungua mtambo unaoitwa Orca mwaka 2021, uwezo wake kwenye makaratasi tani 4,000 kwa mwaka, na 2024 wakafungua Mammoth, tani 36,000. Weka hizo namba pembeni ya uchafuzi wetu, binadamu tunatoa tani bilioni 37 hivi kila mwaka kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, hiyo ni zaidi ya tani 1,100 kila sekunde. Maana yake Orca ikifanya kazi mwaka mzima bila kukwama inafuta sekunde tatu na kitu, Mammoth nusu dakika, na uhalisia umekuwa chini ya hapo.

Afu kuna nishati. Ukijumlisha joto na umeme inakuja kama yuniti 2,000 kwa tani moja, kwa hiyo tani bilioni moja zinataka yuniti trilioni 2, na umeme wote unaozalishwa duniani kwa mwaka ni kama yuniti trilioni 30. Yaani utumie nishati inayolingana na sehemu moja ya kumi na tano ya umeme wa dunia ili ufute uchafuzi usiofika hata asilimia tatu. Na ukiendesha mtambo wenyewe kwa umeme wa makaa ya mawe unaweza kutoa gesi nyingi kuliko unayonasa. Gharama nayo bado ni mamia ya dola kwa tani, kwingine inagusa 1,000.

Njia nyingine zipo, nitazipitia haraka. Miti ndo inafanya karibu kazi yote ya kuondoa inayofanyika leo, tatizo lake moto na shoka vinaweza kuirudisha yote hewani. Kuna kuchoma mabaki ya mimea bila hewa ya kutosha upate mkaa wa kuchanganya na udongo, huo unakaa muda mrefu. Kuna kusaga miamba na kuimwaga mashambani ili mvua ifanye kazi yake ya kemia kwa kasi zaidi, hii naipenda ila kupima imeondoa kiasi gani ni kazi ngumu kwelikweli.

Basi tuiache? Hapana. Saruji inatoa kaboni dioksaidi kutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe hata ukitumia umeme safi, ndege za masafa marefu bado hazina mbadala wa maana, na jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilisema wazi 2022 kwamba bila kuondoa kaboni hatufiki sifuri halisi, yaani gesi tunayotoa ilingane na tunayoiondoa. Hiyo ndo nafasi yake, mabaki yale yasiyozuilika. Kinachoniuma ni mtu anayefungua kisima kipya cha mafuta leo akisema mashine zitakuja kusafisha baadaye, wakati Orca na Mammoth kwa pamoja hazimalizi hata dakika moja ya uchafuzi wa mwaka.

Na kuna kitu hakisemwi sana. Kuishusha kaboni dioksaidi hewani kutoka molekuli 420 hadi 350 katika kila molekuli milioni za hewa ni kutoa tani bilioni 550 hivi, uchafuzi wa miaka 15 kwa kasi ya sasa. Lakini bahari imekuwa ikimeza karibu robo ya gesi tunayotoa, na ukianza kuipunguza hewani bahari nayo inaanza kuachia yake irudi juu. Kwa hiyo kazi halisi ni kubwa kuliko hizo bilioni 550.