Imesambaa: yaliyosemwa barazani na ukweli wa saratani ya tezi dume

Baba alikuwa na miaka 71 alipowekwa mpira wa mkojo kwa mara ya kwanza, baada ya mkojo kumfunga usiku kucha. Wiki tatu baadaye tulirudi kuchukua majibu ya kinyama, yaani kipande cha tezi kilichochukuliwa kupimwa. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa 640; Gleason, alama ya ukali wa saratani, ilikuwa 9 kati ya 10; na skani ilionesha madoa kwenye uti wa mgongo na nyonga. Daktari alitumia neno moja: imesambaa.

Kabla hatujafika nyumbani Tanga, simu zilikuwa zimeshaanza kuingia, kila ndugu na lake. Mengi tuliyoambiwa miezi ile hayakuwa kweli, na mawili matatu yalikaribia kumgharimu baba. Nayaandika kwa ajili ya familia ambayo leo imeshika bahasha kama ile.

"Mzee asiambiwe, presha itamuua"

Hili lilisemwa koridoni, mlango wa daktari haujafungwa vizuri. Ba'mdogo alichukua bahasha akaitia mfukoni mwa kanzu: tumwambie ni uvimbe wa kawaida wa uzeeni. Nikakubali. Zile siku nne ninazijutia mpaka leo. Siku ya pili baba aliniuliza kwa nini mama analia jikoni. Siku ya nne, tukiwa barazani, akasema: "Mwanangu, mimi fundi seremala. Mbao iliyoliwa na mchwa naijua kwa mlio, nikiigonga tu. Mgongo wangu huu unalia hivyo hivyo. Niambie."

Nikamwambia. Alinyamaza kitambo, akaomba maji, kisha akauliza maswali ambayo sisi wenyewe hatukuyafikiria: dawa ni ya muda gani, itakula fedha kiasi gani, na je, ataweza tena kusimama kwenye meza yake ya kazi?

Matibabu ya ugonjwa huu hayafanyiki kwa kumficha mwenyewe. Yanagusa unyumba wake, mifupa yake na akiba yake, na yeye ndiye wa kuchagua na kutia saini. Tena mgonjwa asiyejua anaumwa nini hawezi kujua kwamba ganzi miguuni ni jambo la kukimbiza hospitali. Hofu ilikuja, usingizi ukaruka, hata sala alizikatisha kwa machozi kwa wiki kadhaa. Lakini alilia mbele yetu, tukiwa naye. Zile siku nne alikuwa na hofu ileile, tofauti ni kwamba alikuwa nayo peke yake.

"Hatua ya nne, hapo ni kusubiri siku tu"

Saratani ikishafika mifupani, madaktari hawatarajii kuimaliza kabisa. Huo ni ukweli na ni haki ya mgonjwa kuusikia. Tatizo ni kwamba ukisema "haiponi", watu wanasikia "haitibiki". Kisukari nacho hakiponi, na mtaani kwetu wapo wazee wanaoishi nacho miaka nenda rudi.

Saratani hii hukua kwa kutegemea testosteroni, homoni ya kiume. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins na Clarence Hodges walionesha kwamba homoni hiyo ikiondolewa, hata ugonjwa uliosambaa hurudi nyuma. Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mpaka leo huo ndio msingi wa tiba, ila siku hizi kwa wagonjwa wengi hautolewi peke yake. Katika utafiti wa CHAARTED uliochapishwa mwaka 2015, wanaume waliozuiwa homoni peke yake waliishi miezi 44, na walioongezewa dripu sita za dosetakseli, dawa ya kuua seli za saratani, waliishi karibu miezi 58. Katika utafiti wa LATITUDE, walioongezewa vidonge vya abirateroni, vinavyozima homoni hiyo zaidi, walifika miezi 53, dhidi ya 36 na nusu kwa wasioongezewa. Hizo ni namba za katikati: nusu ya wagonjwa walizipita.

Kwa hiyo swali la kwenda nalo kliniki siku ya kwanza ni hili: mbali na kuzuia homoni, kuna dawa ya pili ambayo mgonjwa wangu anastahili kuongezewa sasa hivi? Sisi tulichelewa kuliuliza.

"Sindano inaacha uanaume, upasuaji unaua uanaume"

Hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi kuliko kote. Kuna njia mbili kuu za kuzima testosteroni. Moja ni sindano, kwa mfano goserelini, inayochomwa tumboni kila mwezi au kila miezi mitatu. Ya pili ni kuondoa korodani, upasuaji mdogo ambao wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Korodani ndizo zinazotengeneza zaidi ya asilimia 90 ya testosteroni, kwa hiyo zikitolewa homoni huporomoka ndani ya siku moja. Sindano huchukua wiki tatu au nne.

Barazani kwetu ilikatwa hukumu: sindano ni ya mwanamume, upasuaji ni wa kuhasiwa kama fahali. Ukweli ni kwamba, kwa habari ya unyumba, matokeo yanafanana. Hamu hupungua na nguvu za kiume huondoka kwa wengi, kwa sababu testosteroni imezimwa, iwe kwa sindano au kwa upasuaji. Tofauti ni kwamba sindano ikiachwa, homoni yaweza kurudi polepole, na upasuaji hauna kurudi nyuma. Upasuaji hulipiwa mara moja. Sindano ni gharama ya kila mara, na ukiikosa kwa sababu ya fedha au duka kuishiwa, ugonjwa unapata nafasi. Sauti haibadiliki, si kwa njia hii wala ile. Anayeona uzito wa kuonekana mtupu anaweza kuomba daktari atoe kiini cha korodani na kuacha ganda lake.

Baba alichagua upasuaji baada ya kukaa na mama chumbani alasiri nzima, mlango umefungwa. Waliyozungumza ni yao. Ninachojua ni kwamba walitoka wote wawili, na mama ndiye aliyenituma nipange tarehe.

Kilichomsumbua baadaye hakuna aliyetuambia mapema: joto la ghafla. Saa tisa usiku anaamka, fulana imelowa chapa, uso unawaka, na nje kuna upepo wa kusi. Mama alikuwa akimpepea kwa kipepeo cha ukili mpaka limpite, dakika tatu au nne. Wengi hupata hilo, pamoja na uchovu, kitambi, misuli kulegea na mifupa kupungua nguvu. Kutembea kila siku na kubeba vitu vyepesi kwa mazoezi husaidia kweli, na ndiyo sababu nampinga kila anayesema mgonjwa alazwe tu apumzike.

"Ile sindano ndiyo iliyomzidishia"

Kwa waliochagua sindano, jambo hili lieleweke mapema. Sindano za aina ya goserelini huanza kwa kuipandisha testosteroni kwa muda mfupi kabla ya kuizima. Katika wiki ya kwanza au ya pili maumivu ya mifupa yanaweza kuongezeka. Ndiyo maana daktari hutanguliza vidonge kama bikalutamidi, na visirukwe. Jirani yetu mmoja alisusa baada ya sindano ya kwanza akidhani amelishwa sumu. Kilichokosekana ni maelezo tu.

"Dawa kali usinywe bila kula"

Mama ametulea hivyo sote, na kwa dawa nyingi yuko sahihi. Abirateroni, dawa ya pili aliyoongezewa baba, ni kinyume. Chakula huifanya iingie mwilini kupita kiasi, basi humezwa tumbo likiwa tupu: saa mbili bila kula kabla yake na saa moja baada yake. Huambatana na prednisoloni, na hiyo ndiyo ya kumeza na chakula. Mama alibadilisha ratiba nzima ya jiko: vidonge vinne alfajiri baba akitoka kuswali, chai na prednisoloni baadaye. Shinikizo la damu, potasiamu na ini vinahitaji kupimwa mara kwa mara.

Magome na majani

Tuliletewa gome la mwiri kutoka milimani. Gome hilo lina historia ya kweli: limeuzwa Ulaya miaka mingi kwa ajili ya tezi iliyovimba bila saratani, hadi mti wenyewe ukawekewa masharti ya biashara ya kimataifa mwaka 1995. Lakini kuvimba na saratani ni magonjwa mawili, na gome halijaonesha kuponya hili la pili. Majani ya stafeli nayo hayajathibitishwa kwa binadamu, na huko Guadeloupe watumiaji wake wa muda mrefu walikutwa na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Simlaumu aliyeleta, alileta kwa mapenzi. Ila mwambieni daktari kila kinachochemshwa nyumbani, maana ini ni moja.

"Ocean Road huendi ukarudi", na "mofini ni ya kuagana"

Wengi walifika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wakiwa wamechelewa, na hofu ikajengwa juu ya hapo. Baba alikwenda huko kupigwa mionzi kwenye nyonga. Kwa maumivu ya mifupa mara nyingi dozi moja inatosha, na nafuu huja taratibu ndani ya wiki kadhaa. Baba alirudi kwa basi.

Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, ilitutia hofu zaidi. Mama aliificha chupa kabatini siku mbili. Mofini inayotolewa kwa kipimo cha maumivu haiharakishi kifo, na hofu ya uteja ni kubwa kuliko uteja wenyewe. Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kuiandika tangu mwaka 2004, kwa sababu maumivu hayamsubiri daktari. Jambo la kuangalia ni choo kigumu: dawa ya kulainisha iende sambamba nayo tangu siku ya kwanza. Usiku wa kwanza baba alipoinywa alilala mpaka adhana.

"PSA imeshuka, amepona"

Ya baba ilishuka kutoka 640 hadi 3 ndani ya miezi michache. Ba'mdogo akasema vidonge sasa basi. Kushuka ni habari njema sana, ila kunamaanisha dawa inafanya kazi, hivyo haiachwi bila daktari. Siku moja saratani inaweza kujifunza kuishi na homoni kidogo, PSA ikaanza kupanda tena. Hapo dawa hubadilishwa au kuongezwa.

Mengine nayapita haraka. Haiambukizi: mama analala kitandani pake, wanakula sinia moja. Kuchukuliwa kinyama hakukuisambaza. Ilikuwa imesambaa kabla sindano ya kuchukulia kinyama haijamgusa. Kutoa tezi yote kwa upasuaji hakukuwa jibu, kwa sababu ugonjwa umeshatoka kwenye tezi. Na hakurogwa na mtu. Kwa ajili ya uvumi huo majirani wawili wazee walinuniana mwaka mzima.

Liko moja ambalo hakuna aliyelisema barazani, nami naliomba libandikwe ukutani. Mgonjwa mwenye saratani kwenye uti wa mgongo akihisi miguu imelegea, ganzi kiunoni au mapajani, au akishindwa ghafla kuzuia choo au mkojo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa sikukuu. Uvimbe unaweza kuwa unabana neva, na miguu iliyokwisha kupooza mara nyingi hairudi.

La mwisho lilitoka kwa baba mwenyewe. Alikuwa akiamini huu ni ugonjwa wa wazee, watoto hauwahusu. Daktari alimweleza kwamba mwanamume ambaye baba au kaka yake aliugua ana hatari ya takriban mara mbili ya wengine, na asisubiri uzee kupima. Mimi nina miaka 46, mdogo wangu 41. Jumatatu iliyofuata baba alituamsha alfajiri kama enzi za shule, akatutangulia hadi mlango wa maabara, akaketi kwenye benchi kutusubiri.